Kanda za Ocean, kutoka Manchester hadi Kibokoni

Kisanduku cha kanda ya mchezo wa kompyuta wa Daley Thompson's Decathlon bado ninacho, ingawa bawaba ya kifuniko imevunjika na picha ya mbele imefifia upande mmoja kwa jua la dirishani. Ami yangu, ambaye wakati huo alikuwa baharia, ndiye aliyeileta nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, mwaka 1986, pamoja na kompyuta ya ZX Spectrum ya kilobaiti 48 iliyozongwa kikoi ili isigongwe njiani. Hakuwa na habari yoyote ya michezo ya kompyuta. Katika duka la Uingereza alikoinunua alikuta rafu nzima ya kanda, akachagua nne zilizokuwa na nembo moja, na baba alipomuuliza sababu alijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupima: "Ocean ni bahari. Kitu cha bahari hakituaibishi sisi."

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13 alikuja kukaa nasi Tudor kwa wiki tatu, nami nikaona hiyo ni nafasi ya kufanya jambo nililokuwa nikiliahirisha kwa miaka mingi, yaani kuicheza upya michezo ya kampuni ya Ocean mmoja baada ya mwingine, kwa macho ya mtu mzima na mbele ya shahidi asiyekuwa na kumbukumbu yoyote ya kuitetea. Tulicheza michezo kumi na miwili kwenye kompyuta ya kawaida, kwa programu inayoiga mashine ya zamani. Rai yangu naitanguliza ili msomaji asinifuate bure: Ocean ilipata umaarufu kwa kuuza majina ya watu wengine, lakini kazi zake zinazostahili kuchezwa leo ni, kwa sehemu kubwa, zile zilizoingia sokoni bila kuegemea jina la mtu yeyote.

Kampuni ilianzishwa Manchester mwaka 1983 na David Ward na Jon Woods. Mwanzoni iliitwa Spectrum Games, jina lililowafaa mpaka walipotaka kuwauzia pia wenye kompyuta za aina nyingine. Ofisi zake zilikuja kuwa nambari 6 katika mtaa wa Central Street, na waandishi wengi wa programu zake walifanya kazi katika vyumba vya chini ya ardhi vya jengo hilo. Mwaka 1984 kampuni jirani ya Imagine, ya Liverpool, ilifilisika huku watu wa BBC wakiwa ndani na kamera zao, na Ocean ikalinunua jina la marehemu huyo na kulitumia kwa michezo iliyotoka kwenye mashine za sarafu za Kijapani, kama vile Hyper Sports na Green Beret za Konami. Hesabu yao ya biashara si vigumu kuielewa. Mzazi aliyesimama dukani siku chache kabla ya Krismasi hawezi kujua mchezo upi ni mzuri na upi ni mbovu, lakini jina la filamu analijua, na la mwanariadha aliyeshinda Olimpiki analijua zaidi. Ami yangu naye, kwa namna yake, alinunua kwa jina.

Kabla ya kuhakiki mchezo wowote sina budi kueleza upakiaji, kwa sababu mchezo wa kanda ulianza pale waya ulipochomekwa kwenye redio kaseti. Ulibonyeza kitufe cha J, nacho kikaandika neno zima la LOAD. Kisha ukashikilia kitufe cha alama na kubonyeza P mara mbili ili upate alama mbili za kunukuu. Halafu ENTER, halafu ukaiachia kanda izunguke. Kingo za skrini zilijaa mistari ya rangi iliyokimbia, na spika ikatoa mlio ambao bibi yangu, aliyekuwa akichambua mchele barazani, aliufananisha na kuku anayekataa kuchinjwa. Kanda za Ocean zilikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa iliyoitwa Speedlock, na mlio wake wa mwanzo haukuwa mrefu na mnyoofu kama wa kanda nyingine. Ulikatikakatika, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria. Kwa mlio huo tu, kabla picha haijatokea, tulijua kwamba ni Ocean.

Kisha ilikuja picha, mstari kwa mstari, bila rangi kwanza na rangi baadaye, nasi tukaikodolea macho kwa dakika tano hivi ambazo leo hakuna mtoto atakayekubali kuzitoa. Mara kwa mara umeme ulipepesa, na mashine ile haikuhitaji zaidi ya kupepesa mara moja ili isahau kila kitu. Mara nyingine yalitokea yale maandishi ya R Tape loading error, na hapo ndugu yangu mkubwa alichukua bisibisi ndogo ya fundi saa na kuzungusha, kwa kiasi cha nywele, skrubu iliyo pembeni mwa kichwa cha kaseti, akisikiliza mpaka mlio uwe mkali kama sindano. Hewa ya chumvi ya Mji wa Kale nayo ilikuwa na yake: viunganishi vya nyuma ya mashine vilishika kutu ya kijani, vikasafishwa kwa pamba na spiriti, vikashika tena.

Nne za ami hazikutosha muda mrefu. Jirani wa Ganjoni aliyekuwa na kanda nyingine alituazima, na duka moja la mjini lililokuwa na deki mbili lilitunakilia kwa shilingi chache, kwa kuwa kinga ya Speedlock ilizishinda programu za kunakili lakini haikuweza kuizuia sauti kupita kutoka deki hadi deki. Nakala ya tatu tuliyopewa ilikuwa kimya upande mzima, na mwenye duka akashikilia kwamba kosa ni letu. Kwa hiyo tulianza kunakili wenyewe, na kwa kukosa kanda tupu tuliichukua moja ya shangazi. Mpaka leo katika familia yetu inajulikana kwamba Match Day II ikimaliza kupakia, ukisahau kusimamisha kanda, baada ya pumzi mbili unasikia udi wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab, ukiendelea katikati ya ubeti.

Sasa nirudi kwenye Decathlon, iliyotoka mwaka 1984, mwaka ambao Daley Thompson alitwaa dhahabu yake ya pili ya Olimpiki mjini Los Angeles baada ya ile ya Moscow ya 1980. Mashindano ni kumi, ya siku mbili, siku ya kwanza upande mmoja wa kanda na ya pili upande wa pili, na karibu yote yanaendeshwa kwa njia moja: kubonyeza vitufe viwili kwa zamu upesi kuliko mkono unavyoweza. Mita 400 ni mateso matupu. Mita 1,500 ndiyo peke yake inayotaka akili, kwa kuwa inakulazimu kupima nguvu na kuigawa. Vitufe vya mpira vya Spectrum havikutengenezwa kwa kazi hiyo, na utando ulio chini yake ulichoka katika nyumba nyingi kabla ya mwaka kwisha. Mpwa wangu alikimbia mita 100 mara mbili, akatikisa kiganja, akauliza kama mchezo wote ni huo. Nilimjibu kwamba ndiyo, karibu wote ni huo, na nikagundua kwamba sikuwa na la kuongeza.

Jambo moja lilimshangaza kuliko mengine, nalo lilitushangaza sisi pia zamani hizo. Daley Thompson, ambaye baba yake alikuwa Mnigeria na mama yake Mskoti, anakimbia kwenye Spectrum akiwa na mwili mweupe. Mashine ilikuwa na rangi nane tu, na kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 kiliruhusiwa kuwa na rangi mbili, kwa hiyo mchoraji hakuwa na nafasi kubwa. Lakini jina lake ndilo lililouza kanda, na mwenye jina hakuonekana ndani yake. Televisheni yetu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na kwa muda mrefu tulidhani kosa ni la televisheni.

Michezo iliyotokana na filamu na vipindi naipitia kwa haraka, kama ilivyostahili. Miami Vice, Knight Rider na Highlander, zote za mwaka 1986, zina majina makubwa na mchezo mdogo, na tulipozipakia mwaka huu hakuna hata moja iliyotuweka kwa zaidi ya robo saa. Highlander ni watu wawili wenye mapanga wasioelewana na vitufe. Hata hivyo zipo zilizojiokoa. Cobra ya mwaka huohuo iliandikwa na Jonathan Smith, aliyejulikana zaidi kama Joffa na aliyefariki mwaka 2010, na ndani yake kuna kasi na mzaha ambao filamu yenyewe haikuwa nao. Silaha unazipata kwa kuokota hambaga. RoboCop ya 1988 ni kazi iliyopimwa vizuri, yenye hatua zinazobadilika kutoka kutembea na kufyatua risasi hadi kulinganisha sura za wahalifu, na haki zake zilichukuliwa mapema kiasi kwamba ni Ocean iliyowapa Data East wa Japani ruhusa ya kutengeneza mashine ya sarafu, kinyume cha utaratibu uliozoeleka. Batman the Movie ya 1989 iliuzwa ndani ya kifurushi kimoja na kompyuta ya Amiga 500, na nimesoma maelezo ya watu wengi walioinunua kompyuta kwa ajili ya kifurushi hicho. Sisi hatukuwa na Amiga. Niliiona moja tu, katika nyumba ya Nyali, nikiwa nimesimama nyuma ya watoto wengine sita.

Kuna sifa moja ambayo michezo mibovu na mizuri ya Ocean inashirikiana, nayo ni michoro ya jalada. Mingi ilichorwa na Bob Wakelin, aliyefariki mwaka 2018, na alikuwa na uwezo wa kuweka katika karatasi ya ukubwa wa kiganja moshi, jasho, chuma kinachong'aa na mtu anayekutazama usoni. Tofauti kati ya jalada na kilichotokea kwenye skrini ilikuwa kubwa, na makasha ya zama zile, ya kampuni nyingi, yalikuwa na tabia ya kuonyesha picha za mashine yenye nguvu kuliko ile uliyonayo. Lakini sikuwahi kuyaona majalada ya Wakelin kuwa uongo. Tuliyaweka wima juu ya kaseti mchezo ukipakia, ili tujue ni nini tunachotakiwa kukiona katika zile nukta.

Nafika sasa kwenye michezo ambayo ndiyo sababu ya kuandika uhakiki huu, na nitaanza na The Great Escape ya 1986. Ocean iliichapisha, waliotengeneza ni Denton Designs wa Liverpool, kundi lililoanzishwa na baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wa Imagine ile iliyofilisika. Wewe ni mfungwa wa vita katika ngome ya Wajerumani iliyojengwa juu ya mwamba kando ya bahari. Kengele inalia na wafungwa wote wanatoka kuhesabiwa. Inalia tena na wote wanaenda kula. Inalia tena na wote wanakwenda uwanjani. Ukiviacha vitufe, mtu wako hasimami akikungoja kama katika michezo mingine. Anageuka mwenyewe na kujiunga na foleni, anakwenda kuhesabiwa, anakula, analala, na bendera iliyo pembeni mwa skrini, ambayo ndiyo kipimo cha moyo wake, inashuka polepole. Ili kutoroka unahitaji vitu, kama vile dira na karatasi za kusafiria, na lazima uvitafute katika nyakati chache ambapo hakuna anayekutazama, ukijua kwamba ukikutwa mahali pasipokuwa pako utatiwa katika chumba cha peke yako na bendera itashuka zaidi.

Mtoto wa Kibokoni hakuhitaji kuelezwa ngome iliyo juu ya mwamba kando ya bahari. Fort Jesus ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwetu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akitusimulia habari za wafungwa kana kwamba wangali wamo ndani. Tulicheza The Great Escape huku tukiwa na ramani ya Fort Jesus kichwani, na Jumamosi tulikwenda Fort Jesus tukiwa na ramani ya The Great Escape. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na hakika kwamba handaki linalotoka upande wa bahari lazima lilikuwepo, kwa sababu kwenye kanda lilikuwepo.

Nilihofia kwamba kumbukumbu hii ndiyo iliyoupamba mchezo, na kwamba mpwa wangu angeuona mzito na wa polepole. Ni mzito, kwa kweli. Mtu anatembea kama anayevuka matope, na vyumba vinabadilika kwa kusitasita. Lakini siku ya pili nilimkuta ameviacha vitufe kwa makusudi, ameshika tama, anamtazama mfungwa wake akienda kula na kurudi peke yake. "Mjomba," akaniambia, "huyu amezoea." Katika michezo yote aliyoniletea kwenye simu yake, sijaona mmoja uliomfanya aseme neno la aina hiyo kuhusu mtu wa nukta chache asiyekuwa hata na uso.

Head over Heels, ya 1987, ni kazi ya Jon Ritman na mchoraji Bernie Drummond, ambao mwaka mmoja kabla yake walikuwa wametengeneza mchezo wa Batman kwa mtindo huohuo wa chumba kinachotazamwa kutoka kona ya juu. Batman ile ni nzuri, na ilikuwa na jina kubwa. Head over Heels haikuwa na jina lolote, na naiona kuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kuwekwa nembo ya Ocean. Viumbe wawili, Head na Heels, wametekwa na kutenganishwa katika makao ya dola ya Blacktooth. Head anaruka juu sana na kuelea akishuka. Heels anakimbia mbio na anaweza kubeba vitu katika mfuko wake. Unamwendesha mmoja, unamwacha, unamrudia mwingine, kila mmoja katika vyumba ambavyo mwenzake asingeviweza, mpaka siku wanapokutana na mmoja anakaa juu ya mwingine na wanakuwa kiumbe kimoja chenye uwezo wa wote wawili. Vyumba ni takribani 300, na karibu kila kimoja ni fumbo lililoundwa kwa mkono na mtu aliyekuwa akicheka alipokuwa akiliunda.

Mzaha wake hauchoshi. Maadui wengine ni mitambo yenye kichwa cha Prince Charles, na mpwa wangu, aliyemwona Mfalme huyo kwenye habari alipozuru Mombasa na kuingia Fort Jesus mwaka 2023, alikataa kabisa kuamini mpaka nilipousogeza uso wake karibu na skrini. Head anafyatua donati zinazowagandisha maadui kwa muda. Mtoto akaziita mahamri, nami nikamkumbusha kwamba hamri halina tundu, akasema za mama yake wakati mwingine zina. Halafu kuna samaki. Ukimla samaki anayechezacheza, mchezo unakumbuka mahali ulipofika na utaanzia hapo ukifa. Ukimla aliyetulia, yule aliyechina, yaani aliyeharibika, umekufa. Sijui Ritman aliitoa wapi kanuni hiyo, lakini hakuna mchezo mwingine wa Kiingereza niliowahi kuucheza ambao mafunzo yake niliyapata kwanza kwa bibi yangu pale sokoni, akilibonyeza shavu la changu kwa kidole.

Ili kuiangusha Blacktooth lazima utwae mataji ya sayari zake, na moja kati ya sayari hizo inaitwa Safari. Naweza kueleza kwa usahihi mkubwa jinsi tulivyolipokea neno hilo. Tulikuwa watatu, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu, ndugu yangu mkubwa ndiye aliyeshika vitufe, na alipolisoma jina hilo kwenye skrini alilisoma kwa sauti, akanyamaza, akalisoma tena. Neno letu lilikuwa limesafiri hadi Ulaya, likakaa huko, likaingizwa kwenye kanda huko Manchester, likarudi kwetu kwa meli. Ami alipoambiwa alisema kwamba aliwaambia.

Match Day II, ya watu haohao wawili na ya mwaka huohuo, inahitaji maneno machache, kwa kuwa mpira wa miguu ukichezwa vizuri haueleweki zaidi kwa kuelezwa. Kuna kipimo cha nguvu ya teke kinachopanda na kushuka chini ya skrini, na mpira unadunda kutoka kwenye mwili wa mchezaji kwa pembe inayolingana na mahali ulipompiga, jambo lililofanya magoli ya bahati yawe mengi na ugomvi uwe mwingi zaidi. Mwaka 1987 ndio mwaka ambao Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi Afrika, na kwa hiyo kila tulipoanza tuligombana kwanza juu ya nani awe Gor Mahia, hata kabla ya kanda kupakia. Mpwa wangu alinifunga mabao 5 kwa 1. Hapo nilipata hakika kwamba mchezo haujazeeka, ingawa mchezaji mmoja kati ya wawili amezeeka.

Wizball, ya Sensible Software, ilichapishwa na Ocean mwaka 1987 na inasifiwa kila mahali, hasa kwenye kompyuta ya Commodore 64 na muziki wake wa Martin Galway. Kisa chake ni mchawi aliyegeuka mpira, anayeirudishia dunia rangi zilizonyonywa. Televisheni yetu, kama nilivyosema, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Tulicheza kwa wiki nzima, tukakusanya matone kwa bidii, tukairudishia dunia rangi zake zote, na dunia ikabaki ilivyokuwa. Nilipouona mchezo huo katika rangi Agosti hii, kwa mara ya kwanza maishani, ilinibidi nisimame nikachote maji. Naukubali kuwa kazi nzuri sana, ila toleo la Spectrum ni gumu kuliendesha, na anayetaka kuuonja aanze na lile la Commodore. Akifanya hivyo atausikia pia ule muziki ambao Galway na wenzake waliutunga ili upigwe wakati kanda za Ocean zikipakia, ambao wenye Spectrum hatukuwa nao. Sisi tulikuwa na kuku wa bibi.

Ocean haikudumu. Kompyuta za kanda zilipotoweka iliendelea na mashine za kartiriji na za diski, ikatoa Jurassic Park na nyinginezo, lakini mwaka 1996 iliingia mikononi mwa Infogrames ya Ufaransa, na mwaka 1998 jina lenyewe likaondolewa. Ami alikuwa amekwisha kuacha bahari wakati huo na alikuwa akiuza vipuri vya mashua. Nilipomweleza kwamba Ocean imenunuliwa na Wafaransa, aliuliza bei.

Kwa anayetaka kujaribu, programu za kuiga Spectrum hufanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, na tangu Novemba 2024 kuna pia mashine mpya inayofanana na ile ya zamani mpaka kwenye vitufe vya mpira, inayounganishwa na televisheni za siku hizi. Nashauri mambo mawili. La kwanza, usiruke upakiaji mara ya kwanza: programu nyingi zina njia ya kuupitisha kwa sekunde moja, lakini mpwa wangu, aliyelazimishwa kungoja dakika zote tano za RoboCop, alikaa kitako na kutazama picha ikijichora kwa namna ambayo hakuwahi kuitazama picha yoyote kwenye simu yake. La pili, badilisha vitufe kabla ya kuanza, kwa kuwa mpangilio wa asili uliwekwa kwa ajili ya kibodi ambayo herufi zake zilikuwa zimebanana kuliko hizi. Michezo ya Decathlon na ya filamu na vipindi ya 1986, isipokuwa Cobra, naipa nyota mbili kati ya tano, moja ikiwa ya jalada. RoboCop na Cobra nne. The Great Escape nne na nusu, nusu iliyopungua ikiwa ni ya mwendo wake. Head over Heels tano, na sijui niitoze nini.

Sikuwahi kuimaliza. Mwaka 1989 mkia wa kibodi ya Spectrum yetu, ule utepe mwembamba unaoingia kwenye saketi, ulikauka na kupasuka, na fundi wa karibu hakuwa na mwingine. Wakati huo tulikuwa tumebakiza mataji mawili, moja likiwa la Safari. Mpwa wangu alirudi Kilifi shule zilipofunguliwa, akaondoka na nakala kwenye kompyuta ya mama yake. Juzi usiku alinitumia picha ya skrini: Head amekaa juu ya Heels, katika chumba ambacho sijawahi kukiona, na kwenye ukingo kuna samaki. Chini yake ameandika kwamba mjomba asimwambie kama ni mzima au amechina.